Tuzipime tiba zote za maumivu sugu kwa kipimo kimoja

Kwa Mhariri,

Nimeyafuatilia kwa makini maoni ambayo wasomaji wako wamekuwa wakituma kuhusu watu wanaoishi na maumivu ya muda mrefu na njia wanazozitumia kuyatuliza nje ya dawa za hospitali. Kundi moja limeshikilia kwamba kila kitu kisichoandikwa na daktari ni utapeli unaofaa kupigwa marufuku. La pili limeshikilia kwamba mababu zetu walizeeka vizuri bila tembe, na kwamba hospitali zinatuuzia sumu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya umma hapa Nairobi, na wagonjwa ninaowahudumia hawamo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Wengi wao humeza tembe asubuhi, hujipaka dawa ya kuchua jioni, Jumamosi huenda kukandwa, Jumapili huombewa, na hawaoni kwamba mambo hayo yanagombana. Kinachonikera ni kwamba sisi tunaojiita wataalamu hatujawapa njia ya kupambanua kati ya hayo kipi kinawafaa, kipi kinawamalizia pesa, na kipi kinaweza kuwaua.

Kabla ya kusema lolote juu ya tiba, inafaa tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi 3. Katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyoanza kutumika Januari 2022, maumivu ya aina hii yamepewa fungu lake, na baadhi yake yanatambuliwa kuwa ugonjwa kamili badala ya kuhesabiwa tu kuwa dalili ya kitu kingine. Hilo si jambo la makaratasi. Mtu aliyevunjika mguu huumwa kwa sababu mfupa umevunjika, na mfupa ukiunga, maumivu huisha. Lakini yuko mama aliyeteguka kiuno miaka kadhaa iliyopita, picha ya eksirei haionyeshi kitu, na bado akiinama kuwasha jiko machozi humtoka. Mama huyo hasingizii. Mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo vinaweza kuendelea kupeana habari za hatari hata baada ya jeraha kupona, mithili ya yule aliyeumwa na nyoka ambaye akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka wa 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia iliyoligeuza somo hili: kwamba katika uti wa mgongo kuna sehemu inayofanya kazi kama lango, na kwamba mguso, pamoja na hali ya mawazo na hisia, vinaweza kulifungua au kulifunga lango hilo kabla habari za maumivu hazijafika kwenye ubongo. Maelezo yao yamerekebishwa hapa na pale tangu wakati huo, lakini wazo la msingi limesimama. Ndiyo sababu mtoto akijigonga goti mama yake hulisugua, na ndiyo sababu kukandwa, joto, mazoezi na utulivu wa akili si mambo ya kuchekwa na mtu aliyesomea mwili wa binadamu.

Ndiyo sababu pia tembe peke yake huishiwa nguvu. Kijana wa mkokoteni pale soko la Gikomba hana likizo ya ugonjwa. Mgongo ukimshika, hupita kwenye duka la dawa lililo karibu na steji, akanunua diklofenaki, dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu, bila karatasi ya daktari, na kwa kuwa kesho yake kazi ni ileile, hununua tena, mwezi hadi mwezi, mara nyingi akizimeza kabla ya kutia chochote tumboni. Dawa za jamii hiyo zina kazi yake na ninazitetea kwa muda mfupi. Zikigeuzwa chakula cha kila siku, huchubua tumbo hadi likatoka damu, hupandisha shinikizo la damu na kuziumiza figo, hasa kwa mtu wa makamo na kuendelea. Zile za nguvu zaidi, za jamii ya afyuni, hazitoi njia ya mkato. Katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka wa 2023, watu 347 wenye maumivu mapya ya kiuno au shingo waligawanywa, wengine wakapewa dawa ya aina hiyo na wengine tembe isiyo na kitu ndani, na waliopewa dawa hawakupata nafuu zaidi ya wenzao. Nisieleweke vibaya hapa: mgonjwa wa saratani anayehitaji mofini apewe mofini bila kuonewa haya, na kazi ambayo Nairobi Hospice imeifanya tangu mwaka wa 1990 katika kuwatunza watu wa aina hiyo ni ya kujivunia. Ninayemzungumzia ni mtu wa mgongo, magoti, shingo na viungo, ambaye ataishi na maumivu yake miaka mingi na anahitaji kitu cha kuongezea juu ya tembe, au cha kumwezesha kuzipunguza.

Mwezi Desemba 2023, WHO ilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo, sehemu ambayo maumivu yake, mapya na sugu pamoja, kwa makadirio ya shirika hilo yalikuwa yamewapata watu milioni 619 duniani mwaka wa 2020 na yatawafikia milioni 843 ifikapo 2050. Ningependa pande zote mbili za mjadala huu ziusome, kwa maana haukumpendelea mtu. Uliunga mkono kumwelimisha mgonjwa, mazoezi yaliyopangwa, kukandwa, kunyooshwa uti wa mgongo na mtu aliyesomea kazi hiyo, sindano za Kichina (zile nyembamba zisizo na dawa ndani), tiba ya mazungumzo, na zile dawa za kupunguza uvimbe nilizozitaja juu. Kisha ukashauri dhidi ya matumizi ya kawaida ya dawa za jamii ya afyuni, mashine za kuuvuta mgongo, na mishipi ya kiuno. Mishipi! Ile mipana, ya mpira, yenye vyuma ubavuni, ambayo huning'inizwa kwenye madirisha ya maduka ya dawa katikati ya jiji na kuuzwa kwa pesa ambazo mama mboga hazipati kwa siku nyingi, na ambayo mara nyingi mgonjwa hutumwa kuinunua na mtu aliyevaa koti jeupe. Wakati huohuo, upande wa mitishamba, mwongozo uliikubali kwa masharti dawa ya kupaka yenye pilipili, ukaikataa mingine, ukiwemo mzizi wa Harpagophytum unaotoka katika jangwa la Kalahari na ambao una soko kubwa Ulaya.

Naomba jambo hilo litazamwe vizuri. Mpaka kati ya kinachofaa na kisichofaa haukupita kwenye mlango wa hospitali. Umepita ndani ya hospitali na ndani ya kibanda cha mwuza miti pia, na kila upande ulikuwa na kitu cha kutupa.

Pilipili inastahili maneno zaidi, kwa sababu wapo madaktari wanaotabasamu inapotajwa. Kemikali inayoifanya iwashe, kapsaisini, hushika kipokezi fulani kwenye ncha za mishipa ya fahamu, kilekile kinachotambua joto kali. Mwanzoni mtu huhisi ngozi inaungua, na baada ya kupakwa mara kwa mara, ncha hizo huzizima na kupunguza habari zinazozituma. David Julius aliitumia kemikali hiyohiyo kukitafuta kipokezi chenyewe, na mwaka wa 2021 yeye na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa ugunduzi wao juu ya jinsi mwili unavyohisi joto na mguso. Sisemi mtu asage pilipili kichaa ajipake kiunoni. Nimeona ngozi iliyobabuka kwa namna hiyo, na haipendezi. Ninasema kwamba dawa iliyopimwa kiasi chake, ikapakwa kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, na mikono ikaoshwa kabla ya kugusa macho, ni msaada wa kweli kwa goti au kwa maumivu ya mishipa, na haimdhuru mtu tumbo wala figo.

Kuhusu mikono ya wakandaji, sina ugomvi nayo. Nafuu ya kukandwa ni ya kweli, ila ni ya muda, na kosa kubwa ni kuinunua nafuu hiyo kila wiki bila kuifanyia kazi. Siku mbili tatu ambazo mgongo umelegea ndizo za kuanza mazoezi ambayo hayakuwezekana wakati umekaza. Mkandaji mzuri hujua pia pa kutogusa. Mguu mmoja ukivimba ghafla kwenye shavu lake, ukawa wa moto na wenye kuuma, huenda ndani mna damu iliyoganda, na kuukanda ni kuisukuma damu hiyo kuelekea mapafuni. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Sindano za Kichina zimechunguzwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka wa 2018 ilichapishwa kazi iliyokusanya matokeo ya wagonjwa 20,827 kutoka majaribio 39 ya maumivu sugu ya mgongo, shingo, bega, magoti na kichwa. Waliochomwa sindano walipata nafuu kuliko wasiochomwa, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikuwa bado ipo baada ya mwaka. Sindano za kweli zilipolinganishwa na zile za kuigiza, tofauti ilionekana, ila ilikuwa ndogo. Mwenye uwezo wa kulipia na mwenye kupata mtu aliyefunzwa, akajaribu vipindi kadhaa na kuona nafuu, sioni sababu ya kumkataza. Kwa mgonjwa wangu wa kawaida, gharama yenyewe ndiyo jibu.

Kuumika, yaani kuchanjwa ngozi na kunyonywa damu kwa vikombe, au hijama kama inavyoitwa Eastleigh na kwingineko, sina budi kuipitia haraka kwa sababu tafiti zake nyingi ni ndogo na hafifu. Wapo wanaotoka wakisema wamekuwa wepesi, na siwezi kuwapinga juu ya miili yao. Wasiwasi wangu ni wembe. Nimewahi kuingia vyumba vya kuumika vilivyo safi kuliko zahanati nyingi, glavu mpya, wembe mpya unaofunguliwa mbele ya mteja, vikombe vya kutumiwa mara moja. Nimewahi kuona pia wembe ukifutwa kwa pamba na kurudishwa kwenye kisahani. Homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI havijali nia njema ya mtu.

Mazoezi ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko yote, nayo ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote, labda kwa sababu hayauzwi kwenye chupa. Mwaka wa 2024 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona maumivu ya kiuno. Wale waliopangiwa na mtaalamu wa fiziotherapia ratiba ya kutembea, iliyoongezwa kidogo kidogo, na kupewa elimu juu ya maumivu, walikaa siku 208 kwa kadirio la katikati kabla ya maumivu kuwarudia. Wale ambao hawakupewa chochote, siku 112. Hapo msomaji wa mitaa ya Mukuru au Kibera atauliza, na ana haki ya kuuliza: mbona maelfu yetu tunatembea kila alfajiri hadi viwandani Industrial Area na bado tunaumwa?

Swali hilo ndilo linalopotea tunapobandika ushauri wa nchi za watu kwenye ukuta wa kliniki zetu. Mwongozo ulioandikiwa mtu anayeketi ofisini kutwa nzima hauwezi kuhamishwa bila kubadilishwa ukapewa mtu anayekwenda mbio ili asifungiwe geti, kisha akasimama kwa muda wa saa kumi mbele ya mashine au kubeba magunia mpaka jua litue. Mwili wa huyu haukosi kutumika. Umetumika upande mmoja, kwa mzigo uleule, bila kupumzika. Kwake yeye mazoezi maana yake ni kuyaimarisha makalio na misuli ya tumbo ambayo haishiriki vya kutosha katika ubebaji wake, kulala chali kwenye mkeka, kukunja magoti na kuinua nyonga polepole, kisha kuishusha polepole zaidi. Na maana yake ni pia kuugawa mzigo. Kanuni za zao la viazi za mwaka wa 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Anayetaka kujua zinavyoheshimiwa aende kwenye soko lolote la jumla saa kumi na moja alfajiri aangalie migongo inayoteremka kutoka kwenye malori. Ninaweza kumfundisha mtu kuinua nyonga hadi nizeeke. Gunia la kilo 90 litaibomoa kazi yangu kwa asubuhi moja.

Yoga inasaidia kiasi. Uchambuzi wa mwaka wa 2022 wa Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima tafiti za tiba, uliona kwamba wanaofanya yoga hupata nafuu zaidi kidogo kuliko wasiofanya mazoezi yoyote, na kwamba hakuna tofauti ya maana kati ya yoga na mazoezi mengine ya mgongo. Kwa hiyo anayeipenda aifanye, na asiye na pesa za madarasa ya Westlands ajue kwamba hajapitwa na siri yoyote. Hali ni karibu hiyohiyo kwa tai chi ya Wachina, ambayo mwaka wa 2018 ilionekana kuwasaidia watu wenye maumivu yaliyoenea mwili mzima angalau sawa na mazoezi ya kawaida ya viungo.

Ninapofika kwenye mambo ya akili, ndipo wagonjwa hunikasirikia. Husikia kwamba ninawaambia maumivu yao ni ya kujitungia. Sivyo. Nimeeleza juu kwamba hisia na mawazo hulifikia lango lilelile ambalo mguso hulifikia, na mtu asiyelala usingizi, mwenye deni la kodi ya nyumba na hofu ya kufutwa kazi, huumwa zaidi kwa sababu za kimwili kabisa. Mwaka wa 2016 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 342 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya wiki 26, asilimia 60.5 ya waliofundishwa kutuliza akili kwa kuifuata pumzi na kuuhisi mwili walikuwa wameboreka kwa kiasi cha maana katika shughuli zao, na asilimia 57.7 ya waliopewa tiba ya mazungumzo. Miongoni mwa walioendelea na matibabu yao ya kawaida, ni asilimia 44.1. Tofauti hiyo si muujiza, lakini ni dawa chache za mgongo zinazoweza kujivunia zaidi. Kwa wale wanaohofia kwamba wanaingizwa katika dini ya kigeni, kinachofundishwa katika vipindi hivyo ni kukaa kimya na kuzingatia pumzi yako. Mkristo na Mwislamu wanaweza kulifanya hilo bila kuacha sala zao.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Hivi karibuni alinijia mama mmoja anayeuza mitumba, magoti yote mawili yanamsumbua, ameandamana na binti yake. Nilimwomba anionyeshe kila kitu anachotumia, si kilichoandikwa kwenye kitabu chake cha kliniki tu. Akafungua mkoba, akatoa bahasha mbili za khaki zenye tembe na dawa ya kuchua iliyokaribia kuisha. Akamtazama binti yake. Kisha akatoa chupa iliyowahi kuwa ya jamu, ndani mna unga wa rangi ya hudhurungi na kijiko cha chai kimezama humo. "Hii si dawa, daktari, ni miti tu," akaniambia. Kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi. Kilichomshangaza yeye ni jinsi unga ule ulivyo na nguvu: siku ya pili tu tangu aanze, alipanda ngazi bila kushika ukuta, na ukimwisha, baada ya siku chache magoti huwaka moto na mwili mzima hulegea hata hawezi kutoka kitandani.

Kilichonishangaza mimi ni uso wake. Ulikuwa umejaa ukawa mviringo, mashavu mekundu yanayong'aa, ilhali mikono na mapaja yamekonda. Kwenye ngozi ya mikono palikuwa na mabaka ya zambarau ambayo hakukumbuka aliyapata wapi. Sukari na shinikizo la damu, ambavyo kwa mujibu wa kitabu chake vilikuwa sawa mwaka uliotangulia, vilikuwa vimepanda. Siwezi kuapa juu ya kilichokuwamo ndani ya chupa ile, kwa kuwa maabara ya kuipima siyo yangu, lakini yeyote mwenye kazi ya afya akiuona uso huo atashuku steroidi, dawa kali za jamii ya homoni zinazotuliza uvimbe haraka. Mitishamba halisi haimponyi mtu magoti kwa siku moja. Mwaka wa 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wake mara kadhaa juu ya vidonge vilivyouzwa kuwa lishe asilia ya viungo, ambavyo vilipopimwa vilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni, na hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyotajwa kwenye karatasi ya nje. Deksamethasoni, ambayo ni steroidi, ikinywewa kwa muda mrefu huufanya mwili uache kutengeneza homoni yake wenyewe, na mtu akiikatiza ghafla anaweza kuanguka na kufa. Ndiyo sababu sikumwambia mama yule autupe unga wake kwenye choo. Nilimpeleka kwa daktari siku ileile akiwa na chupa yake mkononi, ili apunguziwe taratibu chini ya uangalizi.

Mama yule alikuwa amehudhuria kliniki mara nyingi akiwa na uso ule. Nilipomuuliza kwa nini hakuitaja chupa, alisema aliwahi kumtajia mhudumu mmoja habari za mitishamba akafokewa mbele ya foleni nzima, na tangu hapo akajua la kusema na la kunyamazia. Hilo, Mhariri, ndilo jibu langu kwa kundi la kwanza la wasomaji wako. Ukali haujamfanya mgonjwa hata mmoja aache miti, umemfanya aifiche. Na ikifichwa, daktari huandika dawa ya kuzuia damu kuganda kwa mtu ambaye kila siku anameza tangawizi na kitunguu saumu vilivyokolezwa kwenye vidonge, mambo ambayo yakikutana yanaweza kumtoa damu, au humpa diklofenaki ya pili mtu ambaye tayari anainywa ya kwanza ndani ya uji.

Kwa kundi la pili nina neno fupi zaidi. Kuna maumivu ambayo hayapaswi kupakwa, kukandwa wala kuombewa kabla hayajapimwa: yanayokuja na homa, jasho la usiku na kukonda, kwa sababu kifua kikuu hushambulia pia mifupa ya mgongo, na kikichelewa humwacha mtu na kibyongo au kupooza, yanayokuja na ganzi ya sehemu za siri au mkojo kushindwa kutoka au kujizuia, yanayoanza kwa mzee bila sababu na kumkosesha usingizi usiku, ambayo yaweza kuwa saratani iliyoingia kwenye mfupa. Njia za ziada ni za kuandamana na matibabu. Mtu anayezitumia kuyakwepa matibabu hayo amejiingiza kwenye hatari ambayo hata mtetezi wa mitishamba hapaswi kuitetea.

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 ina sehemu nzima kuhusu tiba za jadi na tiba mbadala, na inataka kiwepo chombo cha kuzisimamia kilichoundwa na Bunge. Bodi ya Famasia na Sumu ina jukumu la kusajili dawa, zikiwemo za mitishamba, na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ina kituo cha utafiti wa dawa za kienyeji. Hatukosi vyombo. Tunakosa mambo madogo ambayo hayahitaji sheria mpya: kwenye fomu ya kila kliniki ya maumivu, kisukari na shinikizo, uwekwe mstari mmoja wa kuandika kila anachokunywa, kujipaka au kufanyiwa mgonjwa nje ya hospitali, na anayeujaza aulize kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, na mhudumu anayeletewa unga usio na jina awe na mahali panapojulikana pa kuupeleka ukapimwe, na jibu limrudie.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi ambalo najua lina gharama. Vyombo vya habari hupokea matangazo ya dawa zinazoahidi kumaliza maumivu ya viungo kabisa ndani ya siku saba. Nakuomba tangazo la namna hiyo lisichapwe katika gazeti lako kabla muuzaji hajaonyesha nambari ya usajili ya bodi, na nambari hiyo ichapwe ndani ya tangazo lenyewe, kwa herufi ambazo mzee anaweza kuzisoma bila miwani, ili msomaji aliyenunua aweze kuihakikisha mwenyewe. Kama utahitaji mtu wa kuwaandikia wasomaji maelezo ya mazoezi ya mgongo na magoti yanayoweza kufanywa katika chumba kimoja cha kupanga, niko tayari kuyaandika bila malipo.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Nairobi